Bitana ya Ramani

3 Machi

Dada Sindano,

Barua ya mhariri imefika. Nimeisoma mara nne, mara mbili nimesimama na mara mbili nimekaa, na matokeo ni yale yale: hajakataa. Nani angedhani kwamba nchi tuliyoianzisha nyuma ya pazia la chumba chetu, wewe ukiwa na miaka kumi na miwili na mimi saba, ingeombwa ramani na mtu mzima mwenye miwani? (Sijamwona. Lakini mwandiko wake una miwani.)

Anasema hivi, nanakili: "Hadithi yenu ina uhai, ila sijui nimesimama wapi. Nchi hii ya Pazia ina ukubwa gani? Mto wake unatoka wapi? Na huyu Mlinzi wa Lango aliyefunga maji hadi kijiji cha chini kikafa kiu: sura moja mnataka afukuzwe kwa sheria, sura inayofuata mnataka mto umkatae. Naona mikono miwili. Kubalianeni. Nitumieni ramani na sura zilizobaki kabla Mei haijaisha."

Ametushika. Sura witiri zangu, sura shufwa zako, na tulidhani hakuna atakayejua.

Sasa dada, tuzungumze kama watu wazima. Sheria ya Maji niliyoiandika ina vifungu ishirini na viwili. Kifungu cha tisa kinasema lango lisifungwe zaidi ya siku tatu. Mlinzi alifunga siku kumi na moja. Amevunja, afukuzwe, tumemaliza. Lakini wewe kila sura unarudi kwenye ule mto wako usiomvusha mwongo. Mto unajuaje? Maji yana masikio? Msomaji wa leo atauliza.

Kazi hii mpya ya ofisi ya ardhi ni nzuri, ila bado naogopa kila kitu. Masjala ni chumba kirefu cha rafu za chuma, na mafaili ya viwanja vya mji mzima yamo humo. Faili likitoka, mahali pake inawekwa kadi ya manjano: nani amelichukua, lini, na sababu. Kwenye sababu kila mtu huandika "kazi". Bi Mkuu, mkubwa wetu, anasema rafu isiyo na faili wala kadi ni jino lililong'oka, na yeye hapendi mapengo.

Anayenifundisha hasa ni Mzee Viatu, tarishi. Viatu vyake hulia hatua kumi kabla hajafika, ndiyo maana hakuna mkubwa aliyewahi kufumaniwa amelala. Ana kalamu nyuma ya sikio, na kila nikianza kupapasa mifuko ananipa yake kabla sijaomba. "Shika, karani. Yako imekwenda likizo tena?" Anastaafu mwisho wa mwaka.

Mwambie Mama nakula vizuri.

Mdogo wako,
Karani


11 Machi

Kwako Profesa,

Mama nilimwambia. Akatoka nje akamwambia jirani, jirani hakusikia vizuri, akamwambia tena kwa sauti. Sasa mtaa mzima unajua karani wa serikali anakula vizuri.

Ungeweza kupiga simu, lakini najua: kwenye simu tukitaja Pazia tunacheka tu. Pazia ni nchi ya karatasi. Haya, tuandike.

Umeniuliza mto unajuaje. Mimi nakuuliza wewe: uliposoma vifungu vyako ishirini na viwili kwa mara ya mwisho, ulilia kwenye kipi? Mimi nina wateja hapa, wanakaa wakisubiri suruali zao, nawasomea. Sura zako wanasikiliza kwa adabu, kama watu walio kwenye mkutano wa shule. Wanauliza, "Kwa hiyo siku tatu zinahesabiwa na ile ya kufunga?" Sura zangu mama mmoja alisahau kubadilisha nguo, akaenda nyumbani na gauni lenye pini.

Hakuna aliyeniuliza mto una masikio. Wameniuliza kitu kimoja tu: "Yule Mlinzi alijua?" Yaani, alisikia watoto wa kijiji cha chini wakilia, au hakusikia? Nikawaambia alisikia. Wakaacha hata kuulizia suruali zao. Hadithi yote iko hapo, mdogo wangu. Alijua. Kufukuzwa kwake hakunisaidii kitu. Akifukuzwa ataondoka na siri yake kifuani, atafungua duka nchi nyingine. Mimi nataka aseme. Kwa mdomo wake, mbele ya wenye kiu. Mto wangu unamsubiri aseme, ndiyo kazi yake.

Lakini kwenye ramani nakubali, umenishinda. Mhariri ana haki yake. Chora. Ila mito yako ya zamani ilifanana na minyoo, na milima ilikuwa kama meno ya mtoto. Jitahidi.

Huyo Mzee Viatu mpe salamu zangu. Mtu anayekupa kalamu kabla hujaomba, usimpoteze.

Dada yako,
Sindano


24 Machi

Dada Sindano,

Ndani ya bahasha hii kubwa iko ramani ya Pazia. Ifungue taratibu.

Nimeichora jioni nne mfululizo. Utaona mto umepinda kama mto wa kweli unavyopinda: unakula ukingo mmoja na kuuachia mwingine mchanga. Utaona vijito viwili, daraja, jiwe la mpaka, na ule mti uliosimama peke yake. Nilijifunza hapa kazini kwa kutazama michoro ya wapima ardhi. Nimegundua siri yao: hawachori kitu kwa sababu ni kizuri, wanachora kwa sababu kipo. Ndiyo maana mchoro wao unasadikika. Nakwambia, dada, nchi ya kubuni ikipata mto usio na uongo, kila kitu juu yake kinakuwa kweli, hata joka.

Nyuma nimeibandikia karatasi nyingine ili iwe ngumu. Usiibandue.

Majina nimeyaandika kwa penseli hafifu sana. Ongeza ya kwako, kwa PENSELI, kisha unirudishie ndani ya wiki moja. Wiki moja, tafadhali. Nitakuwa na kazi nayo.

Kuhusu Mlinzi, bado nasema kifungu cha tisa.

Mdogo wako,
Karani


2 Aprili

Profesa! Profesa!

Nimekaa nayo mapajani kama mtoto mchanga. Ni wewe huyu? Yule aliyekuwa akichora minyoo? Nimepita kidole kwenye ule mto kuanzia juu mpaka chini, na nakuapia nimeusikia.

Nakuomba radhi. Nilidhani watu hawahitaji kujua mto unatoka wapi. Nimekosea. Baada ya kuiona ramani nimeelewa Mlinzi alisimama wapi: pale kwenye mpindo, juu ya daraja. Na kutoka pale, ukitazama chini, huwezi kukosa kukiona kijiji. Kiko karibu mno! Kwa hiyo ramani yako imenipa ushahidi wangu, ahsante sana. Alijua.

Sasa usinune. Penseli yako ilikuwa inafutika kila nikiigusa, na mikono yangu unaijua, ina chaki ya kukatia vitambaa siku nzima. Nikaona aibu kuichafua kazi yako. Nimechukua ile kalamu ya wino mweusi ninayoandikia majina kwenye sare za shule, ule wino usiotoka hata ukichemsha, nikapitia majina yote. Kwa mwandiko wangu mzuri, ule wa darasa la saba. LANGO KUU. DARAJA LA WALIOKATALIWA. Na pale kwenye ardhi iliyo katikati ya mto na jiwe la mpaka nimeandika kwa herufi kubwa: KIJIJI CHA KIU. Imependeza mno.

Nimeitundika juu ya cherehani. Fundi viatu wa jirani ameitazama akasema, "Hapa nilishawahi kupita." Nikamwambia, "Huwezi, hapa hapapo." Akasema, "Shemeji, ule mti naujua." Tukacheka hadi mteja akaogopa.

Niachie nikae nayo kidogo. Nitaandika sura ya sita nikiitazama.

Dada yako mwenye fahari,
Sindano


9 Aprili

Dada,

Tafadhali iteremshe ukutani na unirudishie leo. Leo hii, kwa rejista. Usiikunje. Mhariri anaihitaji mapema.

Majina yote umeyaandika kwa wino kabisa? Ule wa sare? Labda kuna sehemu haujashika vizuri. Kuna dawa ya kutoa wino, unaweza kuwauliza wanaofua.

Nimefikiri upya kuhusu Mlinzi wa Lango, na nadhani sote wawili tumekosea. Nadhani hana hatia. Hebu fikiria: yeye ni mtu mdogo katika mfumo mkubwa. Hakukusudia mtu afe kiu. Alifunga lango kwa sababu ndogo tu, kwa sababu aliyoiona haina madhara, akakusudia kufungua siku ya pili. Halafu mambo yakampita. Vitabu vya sasa haviandiki tena wabaya na wema, dada. Vinaonyesha kwamba kila mtu ana sababu zake. Nchi iliyojengwa vizuri haihitaji mwovu. Matukio yanatokea yenyewe, kama maji yanavyoshuka. Sura ya saba nitaiandika hivyo. Hakuna wa kulaumiwa.

Huku kuna vurugu kidogo za ofisi, usijali. Mama mmoja mjane alikuja kuulizia faili lake. Lilikuwa limelala miaka kumi na moja, na sasa jirani yake amejenga uzio, kwa hiyo kesi imefufuka. Mto ulihama, unaelewa; jirani anasema mpaka ni mto ulipo leo, yeye anasema ni pale ulipokuwa. Faili lipo ila mchoro wa mpima haumo, na hakuna nakala. Kadi nayo haikuwekwa. Kwenye kitabu cha kupelekea mafaili, saini ya mwisho ni ya Mzee Viatu, ya mwaka juzi, mafaili yaliyolala yalipohamishiwa rafu za mwisho. Wanamuuliza maswali. Ni mambo ya kawaida.

Usimwambie Mama.

Karani


14 Aprili

Profesa,

Nisimwambie Mama nini? Kwamba ofisi ina vurugu? Ofisi ipi haina?

Nimesoma barua yako nikiwa na pini mdomoni, nusura nizimeze. Tangu lini wewe una huruma? Mwezi uliopita ulitaka Mlinzi afukuzwe bila kikombe cha maji. Leo ni maskini wa Mungu, mambo yamempita. Nani amekulainisha? Kama ni msichana, mlete tumwone. Kama ni vitabu vya sasa, vinanishangaza. Mimi pia naamini kila mtu ana sababu zake. Sijawahi kukutana na mteja aliyenenepa bila sababu. Lakini suruali bado haimtoshi, na mtu lazima aseme kiunoni ni ngapi.

Na huyo Mzee Viatu vipi, amemalizana nao? Hukumalizia.

Haya, nimeiteremsha ramani, nakufungia. Sikuwa nimemaliza kuitazama lakini

15 Aprili

Naendelea kwenye karatasi hiyo hiyo.

Mdogo wangu, mimi ni fundi. Watu hutazama nguo kwa nje. Mimi naanza kwa kuigeuza. Ubora wa mshonaji uko ndani, kwenye bitana, pale anapodhani hakuna atakayeangalia. Jana nilipoigeuza ramani ili niifunge, niliona karatasi uliyobandika imeanza kuachia kwenye kona. Gundi mbaya. Nikasema niibandike upya, nisikuaibishe mbele ya mhariri. Nikawasha pasi, nikaweka kitambaa chenye maji, nikaifukiza mvuke kama ninavyofumua kola.

Ikatoka yote kwa mara moja.

Kuna muhuri wa zambarau. Kuna tarehe, ya zamani kuliko ajira yako kwa miaka kumi na mitatu. Kuna namba ya faili. Kuna jina la mwanamke, na mbele yake neno "mjane".

Nilikaa chini. Mteja aliniuliza kama naumwa, nikasema ni mvuke.

Halafu nikaisoma tena barua yako ya tarehe tisa. Sababu ndogo tu. Akakusudia kufungua siku ya pili. Hakuna wa kulaumiwa.

Nina anwani ya ofisi yenu, iko kwenye muhuri. Ningeweza kuituma huko moja kwa moja. Naituma kwako. Wino ni wangu. Ukiulizwa, sema ni wa dada yako na utaje jina langu lote.

Sindano


21 Aprili

Dada,

Imefika jana. Sijaenda kitandani, nimelala mezani, kwa sababu nimeiweka kitandani ili isikunjike.

Nitakwambia yote kwa mpangilio, ndicho kitu pekee ninachokiweza.

Ijumaa moja ya Machi nilikuwa narudisha mafaili kwenye rafu za mwisho, yale yaliyolala. Faili la yule mama lilianguka, likafunguka, nikauona ule mto. Nilikuwa nimekwisha kuharibu karatasi tisa nikijaribu mto wa Pazia. Nikasema nitauazima mpaka Jumatatu. Kadi nilikuwa nayo mkononi, dada. Niliandika jina langu na tarehe, nikafika kwenye "sababu". Nikaona aibu kuandika "kazi" kwa sababu haikuwa kazi. Nikaona aibu zaidi kuandika kweli. Nikairarua kadi. Kwa ajili ya neno moja.

Nyumbani niliunakili kwenye karatasi nyembamba, ukafa. Mistari ile ile, lakini imekufa. Na mimi nilitaka uniambie kile ulichoniambia tarehe mbili Aprili. Nilitaka uniamini. Kwa hiyo nikafunika muhuri na kukutumia ule wenyewe. Niliposoma "ni wewe huyu?" nilifurahi. Nakuomba ulijue hilo pia: nilifurahi siku nzima.

Siku yule mama alipokuja, Bi Mkuu alituita wote. Akauliza, "Nani alilitoa hili faili mara ya mwisho?" Mimi nilikuwa nachonga penseli. Nikaendelea kuichonga. Niliichonga hadi ikabaki kipande cha kushikia kwa kucha. Na Mzee Viatu, kwa sababu hakuna mtu aliyejibu na yeye hapendi mtu aulize asijibiwe, akasema, "Saini ni yangu, Bi Mkuu. Huenda nililitoa nikauangusha mchoro njiani. Siku hizi kichwa changu hakishiki."

Hakuwa akinitetea. Hajui kitu. Alikuwa anaamini.

Tangu siku ile anahesabu mafaili mara mbili. Ananiuliza, "Karani, hili nilikupa au nimeota?" Jumanne alisimama mlangoni na faili mkononi, hajui alikuwa analipeleka wapi, akanitazama mimi nimsaidie. Alikuwa mzima kabla yangu.

Kikao cha nidhamu ni tarehe ishirini na nne. Atastaafishwa mapema kwa uzembe, na hilo litaandikwa kwenye faili lake.

Nilikuwa na mpango. Ulikuwa mzuri: kuusukumia mchoro ndani ya faili jingine la rafu ile ile, kisha niwe mimi niliyeuona. "Jamani, huu hapa!" Ningekuwa shujaa. Mzee Viatu angenishukuru. Lakini nani atakayeamini kwamba mchoro wa mpima ulijiandikia wenyewe KIJIJI CHA KIU? Wino wako umeniziba mlango, dada. Nimejaribu limau, nimejaribu dawa ya wanaofua, kwenye kona tu, na kona imebaki njano na neno limebaki jeusi.

Niliwahi kukuuliza mto unajuaje.

Nifanye nini? Mama amekwisha kumwambia kila mtu. Mimi ndiye niliyesomeshwa, wewe ukaachia darasa la saba ili mimi niende. Nikifukuzwa, uliacha kwa ajili ya nini? Niambie la kufanya na nitalifanya. Andika tu sentensi moja, umpe dereva wa basi anayekuletea barua hii.

Mdogo wako


23 Aprili. Kwa mkono wa dereva wa basi la asubuhi.

Sentensi moja umeitaka, nitakupa tatu.

Niliacha shule kwa sababu yangu mwenyewe, naijua mimi, usiifanye ngao. Sikwambii la kufanya, kwa sababu nikikwambia utakuwa umetii tu, na kutii unaweza tangu utoto. Sura ya nane ilikuwa zamu yangu; nakuachia.

Dada


26 Aprili

Dada yangu,

Nimesema.

Nilikuwa nimeandika maelezo ya kurasa tatu, yenye vifungu. Nilipofika mlangoni nikasikia viatu vyake nyuma yangu, vikilia polepole, amevipaka rangi kwa ajili ya kikao. Nikaziacha zile kurasa kwenye kiti cha nje. Niliingia na bahasha tu.

Walikuwa watano mezani, na yule mama aliitwa kama shahidi, amekaa pembeni na mkoba magotini. Kabla hawajamsomea Mzee Viatu mashtaka nikasimama. Nikasema, "Mchoro niliuchukua mimi. Sikuweka kadi. Bi Mkuu alipouliza, nilikuwepo na nilijua." Sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto anayesoma shairi. Mmoja akasema, "Rudia, hatukusikia." Hiyo ndiyo sehemu ambayo hakuna hadithi iliyonitayarisha kwayo: kuombwa kurudia.

Nikarudia.

Wakautandaza mchoro mezani. Mwenyekiti akasoma kwa sauti, neno kwa neno, kama anayesoma hati ya mahakama: "Lango Kuu. Daraja la Waliokataliwa." Akanitazama juu ya miwani. "Haya ni maeneo gani, kijana?" Nikasema ni hadithi. Mtu mmoja akacheka, kisha akaona ni yeye peke yake.

Yule mama akaomba asogee. Akaweka kidole pale katikati ya mto na jiwe la mpaka. "Na hapa pameandikwa nini?" Miwani alikuwa ameisahau. Ilibidi nijibu mimi. Nikasema, "Kijiji cha Kiu, mama." Akasema, "Hapa ndipo nyumba yangu ilipo." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemwelekeza mgeni.

Mpima waliyemwita anasema mistari ya chini inasomeka, wino haukuugusa mto wenyewe. Kesi yake inaweza kuendelea. Mchoro umepigwa muhuri mpya na kurudishwa kwenye faili kama ulivyo, na maelezo yangu yamebandikwa nyuma yake, pale ilipokuwa bitana. Kwa hiyo Pazia sasa ina namba ya serikali. Tuliota ipate mhariri.

Mzee Viatu amesafishwa. Mimi nimesimamishwa, na barua ya kufukuzwa nimeambiwa inachapwa. Mama nitamwambia mwenyewe Jumamosi. Nakuomba uwepo chumbani lakini usinisaidie.

Kwa mhariri nimeandika jana kwamba ramani haipo, na kwamba tumekubaliana kuhusu Mlinzi. Nimemwambia Sheria ya Maji nimeipunguza. Imebaki kifungu kimoja: aliyejua aseme.

Baada ya kikao nilimfuata Mzee Viatu kwenye korido. Nilitaka kusema neno. Yeye ndiye aliyesema. "Wiki zote hizi nimekuwa nikimwambia mke wangu nimeanza kuchanganyikiwa. Ameanza kunifungia mlango nisipotee. Wewe ulikuwa unanitazama." Nikasema, "Ndiyo, mzee." Akasema, "Ulikuwa unanitazama," mara ya pili, kama anayehakikisha. Akaenda zake. Hatembei polepole, dada. Anatembea vizuri kabisa.

Kisha Bi Mkuu akaniita masjala, akanipa kadi ya manjano. Alisema pengo ni pengo hata kama faili limerudi. Kumbukumbu lazima zijazwe. Nikaandika jina langu. Nikaandika tarehe ya kuchukua na tarehe ya kurudisha. Nilipofika kwenye sababu kalamu yangu ikakauka. Nikapapasa mifuko yote. Mzee Viatu alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu, ana kalamu nyuma ya sikio, ananitazama nikipapasa. Hakuitoa.

Nikamaliza kwa penseli, ile fupi ya kushikia kwa kucha. Bi Mkuu alisoma nilichoandika, "hadithi", akaweka saini yake chini, akaniambia niende.

Mdogo wako